Kuku wa Nyanya Ananyonyoka

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: kuku wa nyanya akifia mikononi mwangu, nitamwambia mama nini?

Mama alikuwa hospitalini Parklands akimuuguza nyanya, aliyekuwa amepasuliwa. Mimi nilibaki nyumbani Mutuini kwa kuwa nilikuwa nimemaliza chuo na sikuwa na kazi. Kazi yangu ikawa kuku wa mama. Wengi walikuwa kuku tu. Mmoja, wa kahawia, nyanya alikuja naye kwa basi kutoka Magharibi, ndani ya katoni, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Kwetu kuku wa namna hiyo hauzwi.

Yeye ndiye aliyeanza kunyonyoka. Kwanza shingo, kisha mgongo karibu na mkia, ngozi ikabaki nyekundu. Wengine wakafuata. Nilisoma kwenye simu mpaka nikaogopa kuishika, kwa sababu kila ukurasa ulioanza na manyoya uliishia na vifo. Nilijua vizuri kwamba kifo cha kuku hakiwezi kumvuta mgonjwa aliyelala Parklands. Hata hivyo, mama alipopiga simu nilisikiliza kwanza pumzi yake.

"Kuku wangu?"

"Wanakula."

Hilo lilikuwa kweli.

Jirani yetu, mama mmoja wa kutoka Ukambani, aliwaona kupitia ua.

"Hiyo ni ugonjwa, msichana wangu. Ikiingia haibakishi. Na zangu ziko hapa tu, si unaona?"

"Unaonaje, watapona?"

"Mimi naona wakiuzwa. Kuna kijana hununulia hoteli za town. Nimemwambia apitie kesho."

Sikuwa nimemwomba. Jioni hiyo niliwaza watu wa mjini wakila kuku mgonjwa kwa sababu yangu. Halafu nikawaza banda la jirani likiwa tupu, pia kwa sababu yangu.

Asubuhi niliketi juu ya ndoo kuwatazama, maana nilikuwa nimesoma mengi na sikuwa nimetazama. Yule wa kahawia alienda kwenye pembe ya ua, akalala ubavu, akapigapiga mabawa kwenye sakafu ya simiti. Alikuwa anaoga, lakini hapakuwa na kitu cha kuogea.

Awali palikuwa na jivu pale. Mama hupikia jiko la makaa, na jivu huwamwagia kuku kwenye pembe hiyo. Wao hujigaragaza humo kila mchana. Juma la kwanza mama alipoondoka nililikwangua lote nikalitia kwenye gunia la takataka, kwa kuwa rafiki yangu wa Kileleshwa alikuwa anakuja na sikutaka aone uchafu. Tangu hapo nilipikia gesi.

Nilimkamata, nikainua manyoya chini ya mkia na kumulika kwa simu. Vijidudu vyeupe vilikimbia mwanga. Chawa, wale ambao jivu huwafukuza. Mwili wangu wote ukaanza kuwasha. Badala ya kupoa, hofu ikapata maswali mapya. Je, kama wana chawa na ugonjwa pia?

Kijana wa kuku alifika na pikipiki yenye tenga nyuma. Akamwangalia yule wa kahawia.

"Madam, hii umenyonyoa ikiwa hai? Umenipunguzia kazi."

"Mpe tu," jirani alisema kutoka upande wake. "Zikianguka utauza nini?"

"Siuzi." Nilimgeukia jirani. "Wana chawa."

"Na kama si chawa?"

"Basi nitawafungia huku mbali na ua wako, mama. Lakini siuzi."

Kijana aliwasha pikipiki. Jirani akaanza kuwaswaga kuku wake waingie bandani. Kumwona akifanya hivyo kuliniogopesha kuliko maneno yake yote.

Nilichukua ndoo hadi stejini, magari yanaposimama, kwa mama anayechoma mahindi, nikamwomba jivu lililopoa.

"Umesoma yote hiyo ndio uje kuokota jivu?" aliuliza, akicheka, huku akinichotea.

Nilirudi nikalichekecha makaa yatoke, nikamwaga nusu kwenye ile pembe. Nusu nyingine niliiacha kwenye ndoo. Nikamshika kuku wa nyanya miguu yote miwili, naye akapiga kelele na kunipiga kwa bawa. Sikumwachilia. Nikachota jivu, nikaanza kumpaka shingoni.