Abiria wa Behewa la Kwanza

Mume wangu Habbo alikuwa kondakta wa treni kwa miaka ishirini na sita, kwenye njia ile inayotoka Oldenburg, inapita kwetu Hesterfehn na kuishia bandarini. Kama kuna kitu alichokijua kuliko jina lake, basi ni tiketi. Aliishika kwa vidole viwili, akamtazama mwenyewe usoni, akajua kama anasafiri kihalali au anabahatisha. Nasema hivi si kwa kumsifu. Nataka ujue ni mtu wa namna gani ninayemsimulia, maana mimi ndiye mkewe, na aibu yake tumeila sahani moja.

Watu aliowaandama zaidi walikuwa wenye kadi. Nasemea kadi ya walemavu, ile nusu ya kijani na nusu ya rangi ya chungwa, ambayo kipofu akiionyesha hupanda treni za huku bila kulipa, na msindikizaji wake pia hupanda bure. Habbo hakuwa na neno na mtu asiye na mguu. Ugomvi wake ulikuwa na wale ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Siku moja alimkuta mwanamume mwenye kadi ya kipofu akisoma gazeti, karibu aliguse kwa pua. Habbo akaiinua kadi juu, behewa zima liione, akasema, "Mabibi na mabwana, leo tumejionea muujiza!" Watu wakaangua kicheko. Yule bwana alijaribu kueleza kwamba anaona kwa kitundu kidogo tu katikati, pembeni kote ni giza. Nani alimsikiliza? Kisa hicho Habbo alikileta nyumbani, akakirudia baa, akakirudia kwenye harusi ya mpwa wangu, na kila mara nilicheka. Nilicheka sana, niseme ukweli.

Alipofikisha miaka hamsini na nane, pembe za macho yake zikaanza kuingia giza. Daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Miaka miwili baadaye alibakiwa na kitundu kidogo katikati, sawasawa na kile cha bwana wa gazeti. Alistaafu mapema. Tuliwaambia watu ni mgongo, na kwa kuwa kila mtu kijijini kwetu anaumwa mgongo, hakuna aliyeuliza zaidi.

Fomu za kadi nilizijaza mimi. Kadi ilipokuja kwa posta, Habbo aliipapasa, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, na tangu hapo hakuna kondakta aliyepata kuiona. Kila alipokwenda Oldenburg kwa daktari alikata tiketi kamili. Nikimsindikiza, alinikatia na mimi.

"Wewe Habbo, hela umeziokota wapi?" nilimwambia. "Si tungepanda bure sote wawili?"

"Panda wewe bure. Mimi sitamsubiri mtu aniinulie kadi juu watu wanicheke."

Nilijua neno hilo amelitoa wapi.

Basi tukaishi hivyo. Mimi ninauza kwenye duka la mikate, na kila mteja wangu anamfahamu Habbo. Tukitembea barabarani nilimshika mkono nikijifanya nimechoka, na watu waliona mwanamke anayezeeka vibaya akiegemea mume imara. Nilimnong'oneza, "Huyo ni Menno seremala, msalimie," naye akasalimia kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Uongo ule tuliusuka wawili, na niliufanya kwa ustadi mpaka nikaanza kujivunia.

Oktoba iliyopita alikufa Okko Ubben. Okko alikuwa dereva wa treni, na katika miaka ile ishirini na sita mingi aliifanya pamoja na Habbo, yeye mbele kwenye usukani, Habbo nyuma kwa abiria. Hakuoa. Alikuwa na dada mmoja tu, Fenna, anayeishi Oldenburg, ambaye tangu utotoni hutembelea kiti cha magurudumu. Kila sikukuu Okko alikwenda kumchukua, akarudi naye kwa treni, Okko akipanda bure kama msindikizaji. "Msinione hivi, mimi ni mzigo wa Fenna," alikuwa akiwatania watu kwenye behewa. Hao ndugu wawili walipendana.

Mazishi yalipangwa Alhamisi saa nane mchana. Asubuhi hiyo hiyo Habbo alikuwa na miadi ya macho Oldenburg ambayo tuliisubiri miezi minne. Mimi nisingeweza kumsindikiza, kwani keki za siagi za chai ya matanga zilikuwa zinatoka dukani kwetu na nilikuwa peke yangu. Nilijua pia kwamba daktari atamtia dawa ya kupanua mboni, na hata kile kitundu kitajaa ukungu. Ndipo nikafanya nilichofanya. Jumatano nilipigia simu shirika la reli, nikaagiza msaada: abiria mwanamume, asiyeona, behewa la kwanza, apokelewe Hesterfehn saa saba na dakika ishirini. Habbo sikumwambia mpaka Alhamisi alfajiri, akiwa anavaa viatu.

"Umeniagizia mlezi?" alisema.

"Nimekuagizia mtu wa kukuvusha reli. Usiniletee kiburi leo, Habbo. Leo kuna mazishi."

Akakaza kamba za viatu, akaondoka.

Saa nane kasorobo nilikuwa mbele ya kanisa la makaburini, mikono bado inanukia siagi, nikamwona anakuja. Alikuwa peke yake, amenyoosha mgongo, mkono mmoja akiugusisha kwenye ukuta kana kwamba ni mazoea tu. Nilimwendea haraka.

"Yuko wapi mtu wako?"

"Nimemkwepa!" Alikuwa anacheka kama aliyetoroka shule. "Nimeshuka, nasikia sauti ya mwanamke: 'Samahani bwana, ni wewe abiria asiyeona?' Nikamwambia, 'Mimi? Dada, naonekana kipofu kwako?' Akaniomba radhi! Unasikia, Hilke? Kaniomba radhi, akapanda kwenye behewa kumtafuta kipofu wake."

Ningemkemea. Nilikuwa na haki zote za kumkemea. Lakini nilimwona amefurahi kwa mara ya kwanza tangu Okko afe, nami nikacheka naye.

Mchungaji alitoka akatuuliza kama kuna aliyemwona Fenna. Hakuna. Tulisubiri dakika tano, kisha kumi. Simu yake ikalia, akasogea pembeni, akarudi amekunja uso. Fenna alikuwa kwenye treni ile ile aliyokuja nayo Habbo, na treni ilikuwa imempitisha. Mlango haukufunguliwa, ubao wa kumteremshia haukuwekwa, sasa anapelekwa mpaka bandarini na hatarudi kabla ya saa kumi. Njia ile ilikuwa imeondolewa makondakta mwaka ule, amebaki dereva tu aliye mbele kabisa. Na Hesterfehn mhudumu ni mmoja.

Sikuhitaji kuelezwa. Mhudumu mmoja, treni inayosimama dakika mbili, abiria wawili wa kusaidiwa, mmoja mbele na mwingine nyuma kabisa. Alimtafuta wa kwanza mpaka chooni, na alipofika mbio kwa wa pili milango ilikuwa imefungwa. Nilimtazama Habbo. Kicheko kilikuwa kimemtoka. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Kazi hiyo aliijua.

Tungeweza kusema hapo hapo. Mchungaji alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu. Badala yake nilimshika Habbo kiwiko, tukaingia.

Mazishi mengine yalikuwa yanafuata saa tisa, hivyo hawakuweza kumngoja dada mtu. Okko akazikwa. Kwenye kaburi nilimsogeza Habbo kidogo kidogo, nikamwekea koleo mkononi, akatupa udongo mara tatu. Sikumnong'oneza lolote kuhusu kilichokuwa mbele yake, maana watu walikuwa wametusogelea mno. Kwake ilikuwa ukungu na sauti ya udongo kwenye mbao.

Saa kumi na nusu tulikuwa ukumbini kwa chai, ndipo Fenna alipoletwa na teksi ya kubebea viti vya magurudumu. Koti lake lilikuwa limelowa begani, kofia imekaa upande. Watu walisimama, wakamsogezea meza, wakamtilia sukari ya mawe na malai kwenye kikombe cha chai, kama desturi ya huku. Kila mmoja alimlaani mhudumu wa stesheni.

"Jamani, msimseme yule msichana," alisema Fenna. "Alinipigia simu nikiwa bandarini, analia. Kulikuwa na kipofu amepotea. Ameagiziwa msaada na hakuonekana. Ningekuwa mimi ningemtafuta vile vile." Akashika kikombe bila kunywa. "Mmesikia kama amepatikana? Njia nzima ya kurudi nilikuwa namwombea. Kipofu, peke yake, na reli pale chini."

"Kipofu gani huyo anapotea stesheni yenye jukwaa moja!" alisema Menno seremala. "Mtamkuta baa."

Watu walicheka kidogo, kwa kuwa mazishini watu hutafuta pa kuchekea. Na Habbo akacheka nao. Nilimsikia. Kile kicheko chake cha behewani, kikubwa, cha mtu asiye na hatia. Nilitamani ardhi inimeze, na haikuwa kwa ajili yake peke yake, maana nilijigundua nami nimetabasamu.

Fenna akakisikia.

"Habbo, uko wapi? Njoo ukae nami hapa."

Nilimpeleka. Fenna alimshika mkono, akauweka juu ya meza kati ya mikono yake miwili.

"Wewe ulikuwa naye miaka yote. Sitaki mtu mwingine anisimulie. Niambie ilivyokuwa, taratibu, kila ulichokiona."

"Ilikuwa... ilikuwa vizuri, Fenna. Watu walikuwa wengi."

"Nani walimbeba?"

"Wenzetu. Wa reli."

"Kina nani?"

Habbo aligeuza uso upande wangu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sikuweza kumnong'oneza, ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza.

"Maua je?" aliuliza Fenna. "Walileta maua yangu?"

"Walileta. Mengi sana. Yalipendeza."

"Ya rangi gani?"

"Meupe," alisema Habbo.

Fenna aliinua uso. "Meupe? Mbona mimi niliagiza mekundu. Nililipia mekundu, Okko hakupenda meupe hata siku moja."

"Yalikuwa mekundu, Bi Fenna," alisema mwenye duka la maua kutoka meza ya pili, akionekana kuumia. "Niliyaweka mwenyewe juu ya jeneza, mekundu yote! Habbo, wewe macho yako yalikuwa wapi?"

Huyo mama hakuwa na nia mbaya. Lakini nilimwona Habbo ameinama, shingo yake imekuwa nyekundu mpaka masikioni, na kwa muda nilidhani atatoa mzaha mwingine. Midomo yake ilikuwa inautafuta. Kisha ikaacha.

"Sikuyaona, Fenna," alisema. "Sioni. Ni miaka mitatu sasa sioni. Huyo kipofu uliyekuwa ukimwombea ni mimi. Yule dada aliniuliza kama ndiye, nikamwambia siye."

Fenna aliitoa mikono yake juu ya mkono wa Habbo, mmoja kisha wa pili, akaiweka mapajani.

"Ulijua nimo mle ndani?"

"Sikujua. Naapa."

"Ungejua, ungejibu vingine?"

Nilimwomba Mungu aseme ndiyo. Ilikuwa neno moja tu, na lingetusaidia sote. Habbo aliupapasa ukingo wa meza.

"Sijui," alisema. "Nataka kusema ndiyo, lakini sijui."

Fenna akanigeukia mimi. Nilikuwa nimedhani amenisahau.

"Na wewe Hilke, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu kabla hawajamzika?"

"Tangu tuko nje, na mchungaji yuko karibu. Ningeweza kumwambia."

Aliitikia kwa kichwa, si kwa kunisamehe, alikuwa anaandika tu kichwani kwamba amesikia. Mchungaji alianza kusema jambo kuhusu udhaifu wa binadamu, Fenna akamwinulia kidole, akanyamaza.

"Macho yako wewe ni mazima," aliniambia. "Kaa chini. Nisimulie kaka yangu alivyozikwa."

Nikakaa kwenye ukingo wa kiti. Nilianza na jeneza, kwamba lilikuwa la mbao nyepesi na kofia yake ya udereva ilikuwa juu yake, katikati ya maua mekundu. Nikawataja waliobeba, sita, kwa majina. Nikasema mvua ilinyesha tulipofika kaburini, na kwamba mmoja wao aliteleza kidogo lakini hawakumwangusha Okko. Fenna alinikazia macho na hakulia. Habbo alikuwa ameegemeza kichwa upande wangu, mdomo wazi, asipitwe na neno, maana yeye pia ndiyo kwanza alikuwa anasikia.