Mgeni Aliyetaka Vipande vya Marehemu

Siku tuliyomzika shemeji yangu Ildefons, mtu ambaye hakuna aliyemjua alilia kuliko sisi wote.

Alipiga magoti kwenye udongo mbichi katikati ya kibanja, shamba la migomba la ukoo, suruali yake nzuri ikaloa tope. Aliita jina la marehemu mpaka wazee wakaenda kumwinua. Kisha akatoa rambirambi ambayo ukoo mzima haukuifikia.

Tukajua ni rafiki wa kufa na kuzikana.

Kesho yake, turubai bado halijashushwa, akataka kununua urithi wa watoto.

Ngoja niwasimulie taratibu.

Naitwa Immakulata, mtu wa Buganguzi, Muleba. Ilikuwa mwaka tisini na saba, mvua za El Niño zinamwagika kama zimetumwa. Kwetu miaka hiyo ukisikia kilio huulizi "kuna nini." Unauliza "ni nani." Ugonjwa wenyewe hautajwi. Watu wanasema "aliumwa," wanaangalia pembeni, umeshaelewa.

Dada yangu Benadetha ndiye aliyetangulia. Mumewe Ildefons akafuata.

Ildefons alikuwa mwanaume hasa. Alipigana vita vya Amini, akarudi na goti bovu, akaingia biashara ya samaki visiwani na akatoboa. Lakini wiki za mwisho ugonjwa ulimpanda kichwani, ulimi ukafungika. Akaondoka bila kutuachia neno.

Aliacha watoto wawili, Odilia na Ladislaus. Aliacha kibanja. Na aliacha hati ya vipande elfu mbili vya mfuko mmoja wa Dar es Salaam.

Mfuko wenyewe ulikuwa hivi: unakusanya hela za watu wadogo wadogo, unaikopesha serikali kwa miezi michache, serikali inarudisha na riba. Ukiweka hela yako unapewa vipande. Bei ya kipande inatoka gazetini kila wiki.

Mimi wakati huo nilijua bei ya kahawa na bei ya sangara. Ya vipande? Thubutu!

Ukoo ukaweka wasimamizi wawili: mimi, na Kristofa, kaka yake mkubwa marehemu. Tusiposaini wote wawili, hakiuzwi kitu.

Yule mgeni akajitambulisha kuwa ni Kagaruki, wa Mwanza. Akatuketisha ndani, akakunjua magazeti.

"Poleni tena, waitu, ndugu zangu. Sikuja kuongeza msiba, ila marehemu alikuwa ndugu yangu, siwezi kunyamaza. Huu mfuko unakufa."

"Unakufaje?" Kristofa akauliza.

"Tazama mwenyewe. Wiki iliyopita kipande shilingi mia na nne. Wiki hii mia. Imeanguka kwa wiki moja tu!"

Akatoa gazeti jingine, la zamani kidogo.

"Mwaka juzi kilikuwa kinapanda mpaka mia na saba. Mwanzoni kabisa, mia na tisa. Siku hizi hata mia na tano hakifiki. Kila kikijikongoja kupanda, kinaporomoka. Huyo si mgonjwa?"

Neno "mgonjwa" kwenye nyumba ile, jamani.

"Mimi nitawatua mzigo," akasema. "Laki na nusu taslimu, Ijumaa. Ikipita Ijumaa, sina uhakika kama mtapata hata nauli."

Kristofa akanigeukia palepale. "Shemeji, tusaini."

"Nipe siku mbili nifikirie."

"Unafikiria nini? Namba huzioni?"

"Nimeziona, shemeji. Lakini sijazielewa."

Akapandwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Macho yamemtoka, jasho linamtiririka, na kulikuwa na baridi.

"Ijumaa usiposaini, watoto wanahamia kwangu. Ni damu ya ukoo huu. Wewe ni mgeni hapa!"

Odilia alikuwa mlangoni na sahani ya ndizi. Alisikia kila kitu. Akageuka na sahani yake, akarudi jikoni.

Alhamisi alfajiri nikadandia lori la kahawa kwenda Bukoba mjini. Barabara ilikuwa uji mtupu, mara mbili tulishuka kusukuma. Nilikuwa namtafuta Mama Damayanti, mjane wa Ramniklal. Ndiye aliyekuwa anamuuzia Ildefons nyavu, na dukani kwake ndiko watu walikojaza fomu za ule mfuko.

Nilimkuta peke yake nyuma ya kaunta, kwenye mtaa ambao zamani ulijaa maduka ya Wahindi na sasa yalibaki ya kuhesabu. Nikamweleza nusu, machozi yakamaliza nusu nyingine.

"Kaa, binti. Kunywa chai kwanza," akasema. "Nani kakuambia unakufa?"

"Gazeti. Bei imeanguka."

"Gazeti moja?"

"Matatu."

Akainama chini ya kaunta akaibuka na mzigo wa magazeti makuukuu, yale ya kufungia sukari na misumari. Tukaanza kuyatandaza kwa tarehe. Mengine yamekatwa, mengine yananuka mafuta ya taa, lakini ukurasa wa bei ulikuwepo kwa mengi.

"Soma kwa sauti," akaniambia.

Nikasoma. Mia. Mia na moja. Mia na tatu. Mia na nne. Mia! Halafu tena mia na moja, inapanda, inapanda... mia!

Nikasimama.

"Mama, mbona inaanguka kila baada ya miezi mitatu? Na ikianguka inarudi palepale."

"Siku hiyo ndiyo watu wanalipwa gawio," akasema. "Riba inakusanyika ndani ya mfuko, bei inapanda kidogo kidogo. Ikifika siku ya kulipa, riba inatoka inakwenda mfukoni kwa mwenye vipande. Bei inarudi chini. Hela haijapotea, binti. Imehama."

Nikaketi tena.

"Na ile mia na tisa, mbona siku hizi haifiki?"

"Zamani serikali ilikuwa inalipa riba kubwa. Siku hizi imepunguza, kwa hiyo kinachokusanyika ni kidogo. Mfuko ni mzima. Ila usitegemee ya zamani yarudi, hapo hakuna wa kukuahidi."

Kumbe jamaa hakutudanganya namba hata moja! Zote zilikuwa za kweli. Alichotupiga nacho ni maana.

Ndipo swali likanijia lenyewe.

"Mama, gawio la Ildefons alikuwa analichukulia hapa?"

Akatafakari. "Wengi wanachukulia hapa. Ildefons... hapana. Hajawahi."

"Sasa lilikuwa linakwenda wapi?"

Alivuta simu, akapiga Dar. Laini ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Mimi nimeng'ang'ania ukingo wa kaunta, mvua inagonga bati. Hatimaye akapata mtu, akataja jina la marehemu na namba ya hati, akasikiliza. Nikaona uso wake unabadilika.

Akaweka simu chini. "Huyo mgeni wako, ana pengo la meno ya mbele? Anatembea na kalamu mbili mfukoni?"

"Ndiyo! Unamjua?"

"Alikuwa karani wa mfuko. Wamemfukuza." Akanishika mkono. "Sikiliza vizuri ninachokuambia sasa."

Nilichoambiwa nilikibeba kifuani njia nzima.

Kurudi ilikuwa balaa. Daraja moja lilikuwa limefunikwa na maji, nikalala kwa watu Muleba mjini, Ijumaa nikamalizia kwa miguu. Nafika nyumbani, naona begi la Odilia uani. Ladislaus amelikalia begi, analia kimyakimya.

Ndani, Kagaruki na Kristofa mezani. Hela imewekwa juu ya kitambaa, na karatasi iko tayari. Kristofa ameshasaini. Ilibaki nafasi ya saini yangu tu.

"Umechelewa," Kristofa akasema. "Saini, au watoto tunaondoka nao sasa hivi."

Nilikuwa nimelowa chapachapa. Nikavuta kiti, nikasoma karatasi. Ilisema tunauza "vipande vyote vya marehemu."

"Sawa," nikasema. "Nasaini."

Kagaruki akatabasamu, akanipa kalamu.

"Ila hili neno 'vyote' silipendi. Andika elfu mbili, kama hati inavyosema."

Tabasamu likaganda.

"Dada yangu, 'vyote' na elfu mbili si ni kilekile? Huo ndio utaratibu."

"Kama ni kilekile, andika."

"Utaharibu karatasi bure."

"Karatasi ninayo nyingine."

Jasho likaanza kumtoka. Kristofa akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Andika tu, bwana," akasema. "Shida iko wapi?"

Jamaa hakuandika. Alianza kukusanya hela yake harakaharaka, noti zinamponyoka, anazungumzia lori litakalomwacha. Alitoka bila kuaga, akajikwaa kwenye begi la Odilia uani, akapotea migombani.

"Shemeji, nini hiki?" Kristofa akauliza, sauti imekwisha.

Nikamwambia. Ildefons hakuwahi kuchukua gawio. Kila lilipotoka, aliagiza mfuko umnunulie vipande vingine. Miaka yote ile. Bei ilibaki ileile, ndani ya mia na kitu, lakini vipande vilikuwa vinazaliana. Havikuwa elfu mbili tena. Vilizidi elfu tano. Hati yetu ilikuwa ya siku ya kwanza, na karani yule alijua.

Nilidhani atafurahi. Kristofa alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika.

"Immakulata," akasema, mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Fungu langu la ile hela lilikuwa la dawa. Kuna mganga ng'ambo ya mpaka. Mimi nami ninao."

Nilikosa pa kuangalia.

Siku zote zile nilimwona ana tamaa. Mtu alikuwa anaogopa kufa.

Mganga sikukubali, na vipande sikuuza. Gawio lililofuata tulilichukua taslimu, likamlipia Kristofa kitanda cha hospitali, na chakula cha kueleweka. Dawa za kurefusha maisha kwetu zilikuwa bado. Aliondoka kabla ya mavuno ya kahawa, mikono yake ndani ya mikono yangu, akiwa ametuomba radhi wote.

Ombi lake lilikuwa moja, kuhusu binti yake Jovitha ambaye mama yake alishafariki.

Nilikwenda Bukoba kwa Mama Damayanti kujaza fomu ya wanufaika. Nikaandika Odilia. Nikaandika Ladislaus.

Mama akaipokea fomu, akataka kuipiga muhuri.

"Ngoja, mama," nikasema. "Bado mmoja."

Ndugu msomaji, namba inaweza kuwa ya kweli na bado ikakuumiza. Ukionyeshwa bei imeanguka, uliza kwanza hela iliyotoka imekwenda kwa nani, na una vipande vingapi leo, si siku ile ulipoanza. Na mtu akikuharakisha kusaini wakati wa msiba, mwambie arudi arobaini ikipita.

Wote watatu walisoma. Jovitha ndiye aliyefika mbali kuliko wenzake.