Siku Tuliyompulizia Kaka Maji

Nikuambie, rafiki yangu, jambo lililoninyima raha tangu mvua hizi zianze. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka moja pale Makandana, duka la kuchapa na kuskani vyeti, nikimsubiri mjukuu wangu. Binti huyu amepata nafasi chuo kikuu, Dar es Salaam. Akatoka ndani ameshika simu, anacheka.

"Babu, yule Babu wa Lufingo kalefti grupu."

"Kafanya nini?"

"Katoka, Babu. Kajitoa kwenye grupu la mchango wangu. Hajaaga wala nini."

Yeye aliona kichekesho. Mimi nilisikia baridi ikinipanda mgongoni, na siku hiyo jua lilikuwa limetoka, jambo ambalo watu wa Tukuyu tunalijua ni la bahati.

Huyo wa Lufingo ni mtoto wa baba yangu mdogo. Na grupu lilikuwepo kwa sababu hii. Siku hizi njia za kumsomesha mtoto chuo ni nyingi, na ilibidi mjukuu anieleze zaidi ya mara moja. Upo mkopo wa serikali, anaopewa mtoto kwa kadiri ya hali ya kwao, naye ataulipa akianza kazi. Upo ufadhili usiorudishwa, kwa waliofaulu sana masomo fulani; huo ulimpita kwa alama chache. Upo msaada wa kanisa, lakini usharika wetu huwaanza yatima, na yeye si yatima. Mkopo ameupata, ila si wote. Kuna sehemu ya ada iliyobaki, na kuna zile wiki za mwanzo ambazo mwanafunzi anakula nini sijui, mpaka hiyo posho wanayoiita bumu itoke. Pengo hilo ni letu, ukoo. Ndugu yangu wa Lufingo alikuwa ameahidi kuchangia. Halafu akatoka, kimya.

Ni kimya hicho kilichonirudisha utotoni, miaka michache baada ya uhuru, kwenye nyumba ya mianzi ya bibi yangu.

Watoto wadogo tulilala kwa Bibi. Nyumba ilinuka moshi, maziwa ya mgando na majani makavu ya migomba tuliyotandika chini ya mikeka. Mvua ya kwetu haikuwa na haraka. Ilianza mchana, ikalala na sisi, ikaamka na sisi. Alfajiri nilisikia Bibi akichochea moto, kisha kisu chake kikimenya ndizi, kwacha, kwacha, maganda yakidondoka kwenye ungo. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya ng'ombe. Nilirudi nimelowa mpaka kiunoni, nikakuta kibuyu cha maziwa kinaningoja karibu na jiko. Sijaonja maziwa kama yale tena.

Lakini utoto wangu ulikuwa na hofu pia, na hofu yenyewe ilikuwa na jina. Wazee waliiita pumzi ya watu. Walisema mtu akikukasirikia akasema, hasira hutoka ikaisha. Akikukasirikia akanyamaza, akawa ananung'unika peke yake, ile pumzi yake hukufuata kama ubaridi. Utaugua, au mwanao ataugua. Ndiyo maana kwetu ugomvi wa wazi haukumtisha mtu. Kilichotisha ni jirani anayekusalimia vizuri kuliko kawaida.

Kaka yangu mkubwa alipochaguliwa kwenda chuo kikuu, alikuwa wa kwanza kwenye vilima vyetu. Mwalimu wa shule alikuja mwenyewe kumwambia Baba, akatembea kwenye tope na viatu vyake vya ngozi mkononi. Serikali wakati huo ingelipa masomo, kitanda na chakula. Misheni nao walikuwa tayari kusaidia, lakini walitaka aahidi kurudi kufundisha kwao, na kaka hakutaka kuahidi. Chama cha ushirika cha kahawa kilisema kitafikiria, na sidhani kama kimemaliza kufikiria hadi leo. Ilibaki nauli, na nguo, na sanduku, na blanketi, na chochote cha kushika mkononi katika mji usio na shangazi. Vitu hivyo vilitoka kwa watu. Mmoja alileta kahawa, mwingine kuku. Mwenye duka mmoja wa mjini, Mwislamu aliyekuwa akinunua ndizi kwa Baba, alileta kitambaa cha suruali na kumshonea bila malipo.

Na Baba akamuuza ng'ombe wa Bibi.

Ng'ombe huyo aliingia kwetu kama mahari ya shangazi, na babu kabla hajafa alisema mbele ya watu kwamba maziwa yake ni ya Bibi. Baba hakumwomba mama yake. Alimpa taarifa tu, jioni, ng'ombe akiwa ameshakwenda. Bibi alijibu, "Sawa, mwanangu. Mtoto asome." Akaendelea kupakua.

Ila mimi nililala kwake. Alfajiri, kisu kikienda kwacha, kwacha, nilimsikia. "Sawa. Mimi ni nani? Mimi ni jiko tu la kuotea moto. Wanikamue mpaka roho. Haya, na huyo msomi wao aende, tuone." Alisema polepole, bila kupandisha sauti, kila alfajiri. Nilijifunika mkeka mpaka kichwani. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nilijua nilichokuwa nakisikia. Nilijua kinamfuata nani.

Siku ya kumuaga kaka, watu walikusanyika uani kwetu. Desturi ilikuwa kwamba mtu akienda mbali kwa msaada wa watu, lazima kila aliyemsaidia aseme lililo tumboni mwake, kisha achukue maji kinywani na kuyapuliza nje. Hapo pumzi yake imesafishwa. Kaka alikaa kwenye kigoda amevaa suruali mpya, tukamzunguka.

Jirani yetu alianza. "Mimi nina neno. Msomi huyu alipokuwa mdogo alikula mapera yangu yote, na mapera yalipokwisha akampiga mbwa wangu mawe."

"Nisamehe, baba," kaka akasema.

"Mimi nimesamehe. Mbwa kamuulize mwenyewe."

Watu wakacheka, jirani akapuliza maji yake. Mama mdogo hakuchekesha mtu. Alisema, "Nilipofiwa na mwanangu hukuja hata kunichotea maji." Kaka alipiga magoti kwenye tope na suruali yake mpya, akaomba, mpaka mama mdogo akamwinua na kupuliza. Mwenye duka alisema bismillahi, akasema yeye neno lake ni moja tu, kijana asirudi na kiburi, naye akapuliza.

Ikafika zamu ya Bibi. Alisimama na fimbo yake. "Mimi sina neno," akasema. "Moyo wangu mweupe." Akapuliza maji.

Matone yalinifikia usoni. Rafiki yangu, sijawahi kuogopa vile, si kabla ya siku ile wala baada. Bibi alikuwa amedanganya mbele ya maji, na ni mimi peke yangu niliyejua. Nilimtazama Baba. Nilimtazama kaka anatabasamu. Mtoto hazungumzi wazee wanapozungumza; nikanyamaza. Kesho yake basi la Mbeya likamchukua.

Wiki zilizofuata nilikuwa siwezi kula vizuri. Kila mtu aliyeonekana njiani kwa mbali nilidhani analeta habari. Na habari ikaja kweli. Kijana wa jirani aliyefanya kazi Dar es Salaam alikuja likizo, akakaa, akapewa chai, akazungukazunguka na maneno kama wafanyavyo watu wenye habari mbaya. Kisha akasema, "Nimemwacha amelazwa. Homa kali. Hata mimi alinitambua kwa shida." Mama alishika kichwa. Mimi nilikimbia.

Nilimkuta Bibi migombani na panga. "Bibi, kaka anakufa. Sema."

"Niseme nini?"

"Ng'ombe, Bibi. Sema ya ng'ombe."

Panga lilimponyoka. "Kumbe ulikuwa unasikia?"

"Kila alfajiri."

Akakaa chini kwenye majani yaliyolowa, mwanamke mzima. "Nilidhani naongea na moto," akasema. Ndipo nilipoona kwamba na yeye alikuwa anaogopa, labda kunizidi.

Alinishika mkono tukateremka kwenye mvua mpaka uani kwa Baba. Alianza kupiga kelele kabla hajafika. "Wewe! Wewe uliyenyonya titi hili! Ng'ombe wangu yuko wapi?" Baba alitoka, uso umemshuka, akajaribu kumwambia aingie ndani wasisikie watu. "Wasikie! Waje!" Majirani wakaja, wengine na masufuria kichwani kwa sababu ya mvua. Bibi alisema ya ng'ombe, akaongeza ya zamani, hata ya shamba la viazi na ya harusi ambayo hakupewa paja la nyama. Alisema mpaka sauti ikakauka. Nilimwona Baba, mtu aliyetupiga sote kwa jicho tu, akipiga magoti. "Nilikosa, Mama. Nilikuona mzee, nikadhani huna cha kuombwa."

Maji yaliletwa. Bibi akageukia upande wa mashariki, kulikokuwa na Dar es Salaam kadiri tulivyoweza kukisia.

"Mama, ni mbali," jirani akasema. "Puliza kwa nguvu."

Tulicheka, naye akapuliza.

Kaka alipona. Alirudi likizo amekonda, amejaa vitabu, nami nikamsimulia yote. Alinipapasa kichwa. "Mdogo wangu, ilikuwa malaria. Nilichomwa sindano. Mbu hawajui habari za ng'ombe." Huenda. Sikubishana naye, na sasa ni marehemu, hatutabishana tena.

Kosa lililofuata ni langu, si la mbu wala la Bibi. Pale uani palikuwa na mafunzo mawili, nami nikachukua lile baya. Ningeweza kujifunza kwamba msaada ukisemewa ukweli hauui mtu. Nikajifunza kuuogopa msaada wenyewe. Nilipomaliza kidato cha nne, wazee walitaka kunichangia niendelee, kama kaka. Nikawaambia napenda kilimo. Uongo mtupu, niliogopa kukaa kwenye kile kigoda, nikihesabu ni nani atakayenificha neno. Nikarudia kosa lile lile kwa mwanangu wa kwanza, baba wa binti huyu. Alifaulu kidato cha sita. Wazee walikuja nyumbani kuzungumza juu ya mchango, nikawarudisha, nikasema tutajitegemea, nami sikuwa na kitu. Leo anaendesha lori la mtu mwingine. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ananisalimia vizuri sana.

Basi umeelewa kwa nini sikucheka pale Makandana. Kesho yake nilipanda Lufingo. Nilimkuta ndugu yangu kwenye shamba lake la parachichi, anapanga matunda kwenye kreti, wanunuzi wanamsubiri.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "kama nimekukosea, nitukane hapa hapa."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Kaka, kwa sababu ya grupu? Simu ilijaa! Harusi, misiba, kikoba, kila mtu ana grupu. Nikafutafuta." Akatoa simu, akatuma mchango wake nikiona kwa macho yangu. "Haya. Umeridhika?"

"Huna neno lolote?"

"Sina neno, kaka."

Nilimtazama machoni. Bibi nilimjua kwa sababu nililala kando ya jiko lake. Huyu tunaonana misibani. Watoto wake walikaa barazani na simu zao, mkewe akanitazama kama mtu anayemwonea mgeni huruma. Nilitaka kumwomba apulize maji kidogo tu, kwa ajili ya mtoto. Nikaona aibu. Walinipa soda.

Uani kwetu sasa kuna uzio na miche ya parachichi ya mtu wa mjini. Nyumba za mianzi zimekwisha, ng'ombe wa ukoo hawapo. Mkopo wa serikali haunung'uniki, na ninaushukuru kwa hilo. Mjukuu wangu hatapiga magoti kwenye tope kwa sababu ya mapera. Lakini simjui tena mtu anayeweza kuja uani kwangu kwenye mvua kunitukana mpaka sauti imkauke. Watu wamekuwa wapole. Wanatuma fedha, wanatuma kidole gumba, wanatoka.

Juzi binti alipiga simu kutoka chuoni. Alikuwa anaendelea vizuri, amepata kitanda, amepata marafiki. Katikati ya maneno akakohoa.

"Umevaa sweta?" nikamuuliza.

"Babu, huku ni joto, watu tunayeyuka."

"Vaa sweta."

Akacheka, akawaambia wenzake, nao nikawasikia wakicheka. Sikukata simu. Nilibaki nimeibana sikioni, nikisubiri kusikia kama atakohoa tena.