Fundi Aliyeonja Maji

Fundi wa magari wa mtaa wa Galbet hakuliamini neno la mwenye gari mpaka aonje maji ya injini. Injini ikishapoa, alikuwa hufungua kifuniko cha rejeta, achovye kidole chake kilichopinda, akilambe taratibu kama anayeonja chai, kisha ateme pembeni. Maji ya kisima yana chumvi, na chumvi huleta kutu. Gari kuukuu alilitilia maji ya mvua na dawa ya kutu tu. Mwaka wa tisini na sita, mvua ilipokosekana, alimgawia kijana Korane mtungi mmoja wa maji hayo kwa ajili ya Peugeot aliyoachiwa na marehemu baba yake. Korane akayatumia kuosha gari ling'ae harusini, na rejeta akaijaza maji ya kisima. Gari lilipochemka, alilirudisha akiapa, akimwita fundi ami kwa Kisomali, "Wallahi, adeer, nilitia yale uliyonipa."

Fundi akaonja. Safari hii hakutema, alimeza. Ulimi ule ulikuwa haukosei, na Korane alilijua hilo.

"Basi kosa ni langu," fundi akasema, wateja wote wakisikia. "Nilikupa maji mabaya. Nisamehe."

Korane akasogea mbele ya watu wale wale. Akasema, "Adeer, maji yale niliyaoshea gari."