Kamera Iliyompindua Mama Célestine

Fundi wa kompyuta wa Spånga, mtaa wa ughaibuni, hupuliza vidole kabla ya kugusa kibodi, iwe kiangazi au baridi, kama mtu anayepoza uji. Huanza na draiva ya kampuni, ile programu inayoifundisha kompyuta kutumia kifaa. "Tumpe mwenye mali nafasi kwanza," husema kwa sauti yake nyembamba, bila kejeli. Jumamosi ile, jikoni kwa Mama Célestine, mwenye mali alishindwa. Kamera mpya haikuonyesha kitu. Kule Bukavu mama yake mzazi, aliyesikia uvumi kwamba binti yake anaumwa sana, alikuwa ameketi kwenye saibakafe akikataa kuamini sauti tupu.

"Kampuni iliwafikiria watu wa Windows tu, mama. Sisi wa Linux, mfumo wa bure kama huu wako, tunaandikiana draiva wenyewe." Fundi akapakua draiva ya watu wa kujitolea, akapuliza vidole, akabonyeza. Picha ikaja, kichwa chini.

"Célestine, umekuwa popo?" mama yake akapiga kelele kule Bukavu, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Ni wewe kweli! Na umenenepa!"

Célestine akaipindua kamera kwa mkono, picha ikakaa sawa, machozi yakimtoka. Akamwambia fundi: "Basi, papa, imetosha. Kunywa chai."

Lakini fundi alikuwa ameinama, akirekebisha mstari mmoja wa draiva, ule uliopindua picha, ili awatumie walioiandika. "Kuna mama mwingine mahali fulani mwenye kamera kama hii," alisema, akabonyeza. Célestine alikuwa bado ameishika kamera juu chini. Saibakafe nzima ya Bukavu ikaangua kicheko: popo amerudi.