Mama wa Ubatizo Aliyekuwa Kambini

Katika mwaka wa pili wa kujitenga kwa Katanga nilikuwa nimetoka tu chuo cha ualimu, nami niliamini kwamba imani hufundishwa kama hesabu: vizuri au vibaya. Parokia yetu ya Kamalondo ilinikabidhi darasa la wakatekumeni kila Alhamisi alasiri. Kwenye benchi la mbele aliketi nkambo, mama mzazi wa mama yangu.

Alikuwa ameahirisha ubatizo tangu alipofika mjini kutoka kaskazini mwa Katanga pamoja na babu, mfanyakazi wa reli. Sasa alikuwa ameazimia kubatizwa Pasaka ile. Hakujua kusoma, na majibu ya katekisimu hayakukaa kichwani mwake. Nilipomuuliza imani ni nini, alinitazama kwa huruma na kusema, “Mwalimu, umekula?” Darasa zima lilicheka, nami nikajikaza nisicheke.

Kanuni yetu ilikuwa moja: aliyekosa mafundisho mara tatu hufutwa, angoje mwaka mwingine. Kwaresima ile nkambo alikosa Alhamisi tatu mfululizo. Nilipitisha mstari juu ya jina lake kwa rula, nikaona fahari kwamba sikumpendelea mtu wa damu yangu.

Nilimkuta uani akifunga mafungu ya lengalenga.

“Nkambo, nimekufuta katika orodha.”

“Bon, sawa,” akasema bila kuinua uso. “Kama hauna kazi ingine, beba hiki kitunga.”

Mboga hazikuwa zake. Zilitoka bustani ya jirani yetu mwenye asili ya mkoa wa Kasai, rafiki yake wa miaka mingi, aliyekimbilia kambi ya wakimbizi pamoja na watoto wake wakati watu wa Kasai walipofukuzwa katika mitaa yetu kwa kudhaniwa wapinzani wa kujitenga. Tangu siku ile nkambo alimwagilia bustani hiyo kila asubuhi, na majirani walimtazama vibaya. Nilikuwa nimemwona akimwagilia. Sikuwahi kumuuliza mavuno yanakwenda wapi.

Tulitembea mwendo mrefu chini ya jua. Penye kizuizi cha barabarani askari mmoja alitusimamisha.

“Mama, weye ni muntu wa Kasai?”

“Hapana. Miye ni wa hapa Katanga.”

“Sasa unatafuta nini kwa bale bantu?”

“Shitafute kintu. Lengalenga iko yabo, imekomaa. Unataka miye niikule, niitwe mwizi na uzee huu?”

Askari alicheka, akatufungulia njia. Mimi nilikiinua tena kitunga. Nkambo alikuwa tayari ametangulia.

Rafiki yake tulimkuta mbele ya kibanda cha magunia na mabati makuukuu. Alimkumbatia nkambo, akapokea mboga, kisha akanigeukia.

“Mwalimu! Mutoto wangu wa ubatizo anasoma muzuri?”

Ndipo nilipojua kwamba nkambo alikuwa amekwisha kuchagua mama wa ubatizo, yule ambaye ni desturi asimame nyuma yake na kumshika bega wakati wa kumwagiwa maji.

“Amenifuta,” nkambo akamjibu.

“Amefuta nkambo yake? Kwa kosa gani?”

“Kwa kuja hapa.”

Walicheka hadi yule jirani akashikwa na kikohozi, nami nilisimama na kitunga kitupu mkononi, nikitamani ardhi inifiche.

Njiani kurudi nilimwambia ningemtafutia mama mwingine wa ubatizo, mke wa mwalimu mwenzangu, ili asikose Pasaka.

“Hapana. Huyu njo alinionyesha kusali. Kama yeye hayuko, nitangoja.”

“Na kama hatarudi?”

“Basi nitangoja sana.”

Jioni ile nilimweleza padri yote, pamoja na kosa langu. Aliniuliza kama nkambo anajua majibu. Nilisema hajui hata moja, na kwamba ninaomba abatizwe. Padri akasema kwamba Jumatatu ya Pasaka angekwenda kusoma misa kambini, nami nibebe beseni la ubatizo.

Siku hiyo ilinyesha mvua ya mwisho ya majira. Watu walibanana chini ya turubai lililovuja. Nkambo aliinamisha kichwa. Rafiki yake alisimama nyuma yake, mtoto mgongoni, mkono wake begani mwa nkambo. Padri aliuliza kama anasadiki.

“Minasadiki,” nkambo alisema kwa sauti iliyofika mpaka nje. Kisha, kabla maji hayajamwagwa, akageuza shingo na kunong’ona, sisi sote tukisikia: “Weye, polepole na mukono. Bega iko muzee.”

“Kaa kimya, mutoto wangu,” rafiki yake akamjibu, wala hakulegeza mkono.