Mteja Aliyeniomba Nilie Dukani

Kila asubuhi nikishafungua duka, nafuta vumbi kwenye spika kwa brashi ndogo ya rangi. Naanza na zilizo rafu ya juu. Nikifika za chini nawasha amplifaya moja, naweka muziki wa taratibu, nasikiliza kama kuna spika inayokwaruza.

Ndiyo saa ninayoipenda. Hakuna mtu. Mimi ni mtu wa haya, na wateja hunichosha kuliko kubeba maboksi.

Siku hiyo sikufika rafu ya chini.

Mlango ulisukumwa akaingia mwanamume aliyevaa koti, vifungo vyote hadi shingoni, wakati nje jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Salamu aliitoa nusu. Akaziangalia spika, akauangalia mlango wa stoo nyuma ya kaunta, akauliza kama ule mlango unafunga vizuri.

Nikamwambia unafunga.

"Basi mimi naingia humo," akasema. "Wewe washa muziki, ukae hapo karibu na spika. Halafu ulie."

Nikadhani masikio yangu yana matatizo.

"Nilie, kaka?"

"Ulie. Kwa sauti. Nataka kujua kama nitakusikia."

Nisiwadanganye, niliogopa. Duka ni la shangazi yangu, na shangazi alikuwa ameenda kufuata mzigo. Nilikuwa peke yangu.

Chuoni nilisomea mambo ya sauti. Nilifundishwa kumuuliza mteja chumba chake kina ukubwa gani, anapenda muziki wa aina gani, anakaa mbali kiasi gani na spika. Hakuna mwalimu aliyenifundisha cha kumjibu mtu anayeagiza kilio.

Nikauliza yale yale niliyofundishwa, maana ndiyo yaliyokuwa mdomoni.

Akasema sebule yake ni ndogo. Kati ya sebule na chumba cha kulala hakuna tofali, ni mbao nyembamba tu. Muziki? Wowote.

"Muhimu ni kwamba mtu akilia sebuleni, aliye upande wa pili asijue."

Nani analia? Hilo ndilo lilikuwa swali. Lilipanda hadi kooni, likakaa hapo.

Akanyoosha mkono kugusa spika, na mkono wa koti ukapanda kidogo. Karibu na kiganja nikaona mikwaruzo. Mibichi. Ya kucha za mtu.

Hapo picha ikanijia yote. Kuna mtu analia katika nyumba ya huyu bwana, na yeye amekuja kwangu kutafuta mfuniko.

Tulianza na spika mbili za wastani, za boksi la mbao, ninazozipenda kuliko zote dukani. Hazina makeke. Nikaziunga na amplifaya inayozitosha, nikaweka wimbo wenye mwimbaji wa kike. Akaingia stoo, akafunga mlango.

Kilio changu cha kwanza kilikuwa kama cha kitoto cha paka.

Mlango wa stoo ukafunguka. "Dada, umeshalia?"

"Ndiyo."

"Hicho si kilio, hayo ni mafua. Lia kama mtu aliyefiwa."

Mara ya pili nililia kwelikweli. Sikuhitaji kuigiza, hofu ilikuwa imenijaa tele.

Akatoka ameridhika. Alisema hakusikia kitu, mwimbaji alinifunika kabisa. Akaanza kuuliza kama tunapeleka hadi nyumbani.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, la sivyo hamtaelewa nilichofanya.

Kilio cha mtu hakikai chini kwenye besi, wala hakikai juu kule kwenye vile vyombo vya kulia ti-ti-ti. Kinakaa katikati, mahali pale pale inapokaa sauti ya mwimbaji. Spika iliyojaa vizuri katikati inakimeza kilio. Ile yenye besi ya kutikisa madirisha na katikati tupu haimezi chochote. Itakutetemesha kifua, lakini kilio kitaelea juu yake, kila mtu atakisikia.

Watu wengi hawalijui hilo. Wanasikia kishindo, wanadhani kishindo kinaficha.

"Kabla hujaamua, kaka, jaribu na hizi," nikasema.

Nikamwonyesha zile ndefu zenye sabufa kubwa na taa za buluu zinazowakawaka. Nilishangaa sauti yangu ilivyotoka imenyooka. Nilimwambia hizi ndizo zenye kishindo, na kwa ukuta wa mbao mtu anahitaji kishindo.

Akarudi stoo.

Nikafungulia. Kioo cha kabati kikaanza kuimba, maboksi ya waya yakacheza kwenye rafu. Nami nikasimama kando ya spika, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka, ili akichungulia anione.

Lakini sikulia. Nilinyamaza kimya. Kama kuna kazi moja ninayoiweza duniani, ni hiyo.

Akatoka. "Ulilia?"

"Mpaka koo linauma."

"Basi hizi hizi."

Nikamfungia na amplifaya yenye nguvu ya kuzisukuma, maana sikutaka ziungue. Nilitaka zifanye kazi kila siku, kwa kishindo chake chote, na yule anayelia asikike mpaka kwa majirani.

Kufunga vyombo majumbani ni kazi ya fundi wetu, ambaye mtaa mzima unamwita Solda. Mimi siendi kamwe. Mchana ule nikafunga duka, nikasema naenda.

Njiani nikamsimulia. Akanisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Dada, sisi tunauza sauti," akasema mwishowe. "Maswali yana duka lake."

Lakini nilimwona akichomoa bisibisi ndefu kwenye mfuko wa vifaa na kuichomeka mfuko wa suruali.

Ilikuwa nyumba ya ghorofani, ngazi za nje zenye reli ya chuma. Sebuleni kulikuwa na kochi moja, meza, birika na kikombe kimoja. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umefungwa, na mteja wetu, koti lake lile lile, alisimama mbele yake muda wote kama askari. Alisema huko ndani hakuna cha kufunga, tumalize hapa hapa.

Solda akaunga waya. Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu na ule ukuta wa mbao, nashikilia ncha zisichanganyike.

Ko. Ko. Ko.

Mtu aligonga kutoka ndani. Polepole, kama mtu asiye na nguvu.

Nikamtazama mteja. Hakunitazama. Alipita juu ya miguu yangu, akashika kitufe cha sauti, akakizungusha mpaka sakafu ikatetemeka.

"Iko sawa," akasema kwa kupaza sauti. "Asanteni. Mnaweza kwenda."

Tukatoka. Tulipofika katikati ya ngazi nikasimama.

"Twende," Solda akasema.

"Je, angekuwa dada yako yule?"

"Dada yangu angeshanipigia simu."

"Na kama amenyang'anywa simu?"

Solda akatua mfuko wake chini. Akapapasa bisibisi. Akaguna, akaanza kupanda.

Reli ilikuwa inatetemeka kwa besi. Na juu ya besi, wazi kabisa, sawasawa na nilivyofundishwa chuoni, kilio kilikuwa kinapita.

Lakini kilikuwa kizito. Kilikuwa kilio cha mwanamume.

Mlango wa mbele haukuwa umeshika vizuri, mtikisiko ulikuwa umeufungua wenyewe. Tulimwona amekaa sakafuni katikati ya spika zangu mbili, koti mwilini, magoti yamegusa kidevu, simu sikioni. Taa za buluu zilikuwa zinammulika usoni.

Alikuwa anazungumza na dada yake, aliye mbali. Anamwambia daktari amesema hawana dawa nyingine ya kumpa mama, amrudishe tu nyumbani. Kwamba tangu siku hiyo mama anamuuliza lini atapona, naye anamjibu karibu, karibu. Kwamba akimgeuza kitandani mama anamng'ang'ania mikono kwa kucha, mpaka anavaa koti kuficha alama, na yeye anacheka naye ili asijue. Kisha anakuja sebuleni. Na hawezi kutoka nje kwenda kulia huko, maana hamna mwingine wa kubaki naye; hata dukani alikimbia mama akiwa amelala.



 Mtu wangu wa kuokolewa hakuwepo. Nilikuwa nimemuuzia mwana anayefiwa na mama yake ukuta wenye tundu, tena kwa makusudi.

Ko. Ko. Ko.

Kisha sauti nyembamba ya mwanamke mzee ikatoka chumbani. Ilipita juu ya sabufa bila shida yoyote.

"Zima hilo lidude."

Akazima. Kimya kile kiliuma masikio.

"Mama, umeamka?" Alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilikuwa nasikiliza muziki."

"Muziki gani huo unaimba kwamba daktari ameshindwa?"

Akaiweka simu sakafuni.

"Nimekusikia, baba. Leo, na jana, na siku zote. Tena daktari aliniambia mimi kabla yako."

Aliinuka, akasimama mbele ya ule mlango bila kuugusa. Alizungumza na mbao. Alimuuliza mama yake kwa nini basi alimsumbua wiki nzima anunue muziki mkubwa, eti nyumba imepooza.

"Ulidhani nataka kucheza?" mama akasema. "Ukuta huu una pande mbili, mwanangu. Na mimi nilitaka pa kulilia."

Solda akainama, akaanza kutafuta kwenye mifuko yake kitu ambacho hakikuwemo.

Siku chache baadaye nilibeba zile spika za mbao hadi kwake, nikamwambia ukweli. Kwamba za kwanza ndizo zilizokuwa zinafaa. Kwamba mara ya mwisho sikulia, nilipanua mdomo tu, na nikamweleza nilichomdhania. Nilitarajia anitukane. Akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka.

Alikataa kubadilisha. Alisema zile nzuri zingefanya kazi, na ndiyo maana hazitaki.

Siku hizi mteja akiniambia anataka muziki mkubwa, nikishauliza ukubwa wa chumba namuuliza pia nyumbani yuko na nani, na anataka nani asisikie. Wengine wananiona nimechanganyikiwa. Potelea mbali. Swali nililoliacha kooni asubuhi ile lilinifanya nimhukumu mtu mwema mchana kutwa, na sitaki tena kumeza swali la namna hiyo. Nawe unayejificha mtu wako asikuone unalia, angalia vizuri. Huenda na yeye yuko nyuma ya mlango, anasubiri uongeze sauti.

Ila sijawaambia kilichofuata pale mlangoni siku ile.

Alisukuma mlango wa chumba. Kutoka pale tuliposimama niliona ncha ya kitanda, na mkono mwembamba umenyooshwa, kucha zake ndefu. Mama yake hakuuliza lini atapona. Alisema kile alichokuwa anakigonga ukutani siku zote zile.

"Naogopa, mwanangu. Njoo ukae huku, tuogope wote."